Ukungu wa Mvinyo wa Nanasi

 

Swali la leo limeletwa na mama mmoja wa hapa Kawangware, Nairobi, kwenye steji ya 56. Ametengeneza mvinyo wa nanasi kwa ajili ya siku ya mahari ya bintiye, mtungi mmoja wa lita 20. Umekaa miezi miwili chini ya kitanda, ladha imekubali, lakini sura inamtia haya: rangi yake ni ya maji yaliyooshewa mchele. Jirani mmoja amemshauri atie shabu. Mwingine amemwambia aongeze spiriti kidogo ili "ikate ukungu". Anauliza amsikilize nani.

Asimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Spiriti isiguse mtungi huo hata tone, na shabu ibaki kwenye kazi yake ya maji. Ukungu ule unataka subira, baridi na mpira wa mita moja na nusu. Nitaufikia mpira huo. Lakini kwanza ningependa tuzungumze juu ya macho yetu, kwa sababu hapa mtaani jicho limefundishwa kuamini kinywaji kinachong'aa na kushuku chenye ukungu, na mafunzo hayo yamewazika watu.

Pombe za wazee wetu zilikuwa na ukungu na hakuna aliyezionea haya. Busaa ya watu wa Magharibi, ambao ni wengi hapa Kawangware, huanza na unga wa mahindi uliokandwa kwa maji ukaachwa uchachuke. Kisha unga ule hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke hudhurungi, halafu huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kinachopatikana ni kinywaji kizito chenye nafaka na chachu iliyo hai. Wazee waliuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mwisho wa mrija palifungwa kichujio kidogo kilichosukwa. Kichujio hicho kilizuia makapi tu. Hakuna aliyetaka kuona upande wa pili wa mtungi kupitia pombe yake.

Muratina nayo ni hivyo hivyo. Asali au maji ya miwa, maji ya kawaida, na lile tunda refu la mvungunya ambalo Wakikuyu hulipa jina hilo hilo la pombe. Tunda hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa juani. Chachu hujibanza ndani ya nyuzi zake, na pombe ikishaiva, tunda hutolewa, huanikwa tena na kuwekwa kwa ajili ya mtungi unaofuata. Wapo akina mama na wazee wanaotunza matunda yao ya muratina kwa miaka, kwa kuwa tunda lililozoea kazi huanzisha uchachushaji haraka. Na pombe yenyewe ni ya manjano, ina utando, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Kinywaji kinachong'aa kilitujia kwa njia ya mvuke. Kibera, walikokaa askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza na familia zao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiko pombe ya kukeneka ilikopata umaarufu Nairobi kwa jina la jini ya Wanubi. Leo tunaiita chang'aa. Pombe inapokenekwa, mvuke hupanda na kuacha nyuma nafaka, chachu, sukari iliyobaki na rangi yote. Kinachodondoka upande wa pili hakina utando wowote, hata kama maji ya mwanzo yalichotwa mtoni pamoja na taka zake. Tazama hapo, msikilizaji: kung'aa kwa chang'aa hakukueleza mikono ya aliyeipika ilikuwa safi, wala pipa lake lilibeba nini kabla ya siku ile. Kunakueleza tu kwamba kulikuwa na moto na mvuke.

Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu mwaka 1980. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30, hadi sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilipoifuta na kuruhusu pombe hiyo itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Katikati ya miaka hiyo yote, watu walikunywa gizani. Novemba 2000, kule Mukuru, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Waliiita kumi kumi, kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Juni 2005 ikawa zamu ya Machakos, wakafa karibu watu 50. Mei 2014 Embu, Kiambu, Kitui na kaunti nyingine zikapoteza zaidi ya watu 60 kwa siku chache. Februari 2024, baada ya sheria mpya, baada ya misako na hotuba zote, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga.

Nimezitaja tarehe hizo kwa sababu methanoli haina ukungu. Haina rangi. Harufu yake inakaribiana na ya kileo cha kawaida kiasi kwamba mnywaji hawezi kuitofautisha, na ukiichanganya na chang'aa au na maji, glasi inabaki angavu. Mwilini ndiko inakojitambulisha. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kumpofusha mtu, na 30 zinaweza kumuua. Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa kwake. Mtu hunywa jioni, hulala, huamka na kichwa kinachouma akidhani ni hangova, kisha ifikapo saa sita mchana anaona ukungu mbele ya macho. Akifikishwa hospitali mapema, madaktari wanazo dawa za kuizuia isigeuke sumu, na wanaweza kumsafisha damu kwa mashine. Akiambiwa alale kidogo itapita, haipiti. Kwa hiyo yeyote aliyekunywa jana na leo anaona mbele kumefifia, mpakie kwenye boda boda saa hiyo hiyo.

Sasa mnaelewa kwa nini nimeshtushwa na ushauri wa spiriti. Spiriti ya kuwashia jiko au ya kusafishia kidonda inaweza kuwa na methanoli, tena huwekwa kwa makusudi ili isinyweke. Na haitautoa ukungu ule. Mara nyingine itauongeza, maana kileo kikali hugandisha pektini ya matunda kuwa nyuzi nyuzi. Mama atakuwa ameuharibu mvinyo uliokuwa salama ili ufanane na kinywaji ambacho kingeweza kuwa sumu.

Naam, mvinyo wake ulikuwa salama. Watu huniuliza, je, matunda hayatoi methanoli yenyewe? Hutoa, kidogo sana, pektini inapovunjika. Kiasi hicho kimo katika kila mvinyo wa zabibu duniani na hakimdhuru mnywaji wa kiasi. Maafa tuliyoyataja yametokana na methanoli ya viwandani iliyomiminwa na mtu anayetaka faida ya haraka.

Tuuangalie basi mtungi wenyewe.

Ukungu katika mvinyo wa nanasi una vyanzo vyake, na kosa la wengi ni kuutibu kabla ya kujua ni upi. Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, ni kwamba mvinyo haujamaliza kuchachuka. Chachu ikila sukari hutoa kileo na hewa ya kaboni. Hewa hiyo hupanda kwa vipovu vidogo vidogo, na kila kipovu huinua chembe za chachu kutoka chini. Mvinyo hauwezi kutulia huku unapikwa kutoka ndani. Weka sikio kwenye shingo ya mtungi usiku nyumba ikiwa kimya: ukisikia mchakacho mwembamba, kazi inaendelea. Mwenye uwezo anunue haidromita, ndugu ya ile laktomita ambayo wanunuzi wa maziwa hupimia kama maziwa yametiwa maji. Ikisoma namba ile ile siku tano mfululizo, na namba hiyo iko karibu na moja au chini yake, mvinyo umemaliza. Ikisimama juu zaidi huku mvinyo ungali mtamu sana, chachu imechoka njiani, na huo ni ugonjwa mwingine.

Chanzo cha pili ni chachu yenyewe baada ya kumaliza kazi. Chembe moja ya chachu ina upana wa mikromita 5 hadi 10, na mikromita moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Hapa ndipo ninapowaomba akina mama na vijana wa 56 wanisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona wengi wakichuja mvinyo kwa kitambaa cha leso, kwa soksi ndefu za nailoni, kwa kichungi cha chai, mara tatu, mara nne, na kila mara unatoka vile vile. Matundu ya kitambaa ni makubwa mara nyingi kuliko chachu. Chachu inapita humo bila kugusa ukingo. Kinachoingia wakati huo ni hewa, na hewa ndiyo adui wa mvinyo uliokwisha kuiva: rangi inageuka kahawia, na bakteria wa siki, ambao wanaihitaji hewa hiyo, wanapata nafasi yao. Wiki tatu baadaye una siki nzuri ya kachumbari. Kitambaa ni kwa ajili ya siku ya kwanza, kutoa nyama ya tunda. Baada ya hapo kikunje ukiweke kabatini.

Chachu huondoka kwa kutulizwa. Iache ishuke yenyewe, kisha uuhamishe mvinyo ulio juu na kuyaacha mashapo chini. Na hapa Nairobi tumepewa msaada ambao watu wa Mombasa hawana. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Kawangware hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Baridi huilaza chachu na kuifanya ishuke haraka. Watengenezaji wakubwa hulipia umeme mwingi ili wapate baridi ya namna hiyo kwenye mapipa yao. Wewe unayo bure sakafuni, kwenye pembe ya chumba isiyopigwa na jua la mabati. Anayetaka mvinyo wa Desemba aanze Mei, aupe mtungi wake Julai yote, na asiufungue kila jioni kuuonjesha wageni.

Kuuhamisha ni kazi ya mkono uliotulia. Nunua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule unaouzwa kwa futi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpya, usiowahi kubeba petroli wala maji ya betri. Uoshe kwa maji ya moto. Jioni ya kwanza pandisha mtungi juu ya meza na uuache hapo hadi kesho yake, maana safari ya kutoka sakafuni hadi mezani tu inatosha kuvuruga mashapo ya mwezi mzima. Kesho weka mtungi mtupu sakafuni. Usinyonye mpira kwa mdomo. Mdomo una bakteria wake. Ujaze mpira maji safi, ziba ncha moja kwa kidole gumba, zamisha ncha nyingine katika mvinyo, halafu shusha ile uliyoiziba na kuiachia juu ya kikombe. Maji yatatoka kwanza, mvinyo ukifuata uhamishie kwenye mtungi wa chini. Ncha ya juu iwe vidole vitatu juu ya mashapo, na ncha ya chini iguse kitako cha mtungi mpya ili mvinyo usimwagike kwa kelele na kuvuta hewa. Utafika mahali utauona utepe wa rangi ya maziwa ukiingia kwenye mpira. Hapo hapo toa. Usihurumie kikombe kimoja cha mwisho, kwani ndicho kitakachourudisha ukungu kwa lita 18 zilizobaki. Jaza mtungi mpya hadi shingoni, ufunge kwa kizibo chenye mpira unaoishia ndani ya chupa ya maji, na usubiri wiki nne hadi sita. Rudia. Mara nyingi kwa mara ya pili au ya tatu kazi imekwisha.

Kupima ni rahisi. Mimina mvinyo kwenye glasi, zima taa, washa tochi ya simu na uielekeze ubavuni mwa glasi. Ukiuona mwali wa mwanga umechorwa ndani ya mvinyo, bado kuna chembe zinazoelea, hata kama mchana jicho lako liliona ni safi. Mwanafizikia John Tyndall alilieleza jambo hili katika karne ya 19, na wapimaji wa maji hutumia kanuni inayofanana nalo hadi leo.

Wapo ambao subira hii haitawatosha, na sina ugomvi nao, maana siku ya mahari ikishapangwa haisogezwi kwa ajili ya mtungi. Vipo vitu vya kuharakisha, na vyote hufanya kazi kwa msingi mmoja. Chembe zinazoelea zina chaji ya umeme, zinasukumana, hivyo haziungani wala hazizami. Ukitia kitu chenye chaji iliyo kinyume, zinashikana, zinakuwa nzito, zinashuka. Shabu hufanya hivyo katika maji ya tope. Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya hivyo pia, kwa sababu zina protini yenye chaji chanya, na katika sehemu nyingi za Afrika akina mama wamesafisha maji ya mto kwa mbegu hizo. Lakini maji ya kunywa na mvinyo ni vitu viwili. Mvinyo una asidi, shabu huyeyuka ndani yake na sehemu kubwa ya aluminiamu hubaki humo, pamoja na ule ukakasi unaobana ulimi. Sioni sababu ya kumnywesha mkwe aluminiamu wakati jikoni kuna kitu bora.

Kitu hicho ni jelatini isiyo na sukari wala ladha. Nusu kijiko cha chai kwa mtungi wa lita 20. Ilowekwe kwenye maji baridi kidogo kwa robo saa, kisha iyeyushwe kwa maji ya moto yasiyochemka, halafu imiminwe polepole huku ukikoroga. Jelatini hutafuta tanini ili ishikane nayo, na mvinyo wa nanasi una tanini haba. Basi tangulia na kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea, isiyo na maziwa wala sukari, ambayo imepoa. Chai ya Kericho au Limuru ina tanini ya kutosha. Siku inayofuata tia jelatini. Ndani ya wiki moja utaona mstari ukishuka kutoka shingoni, juu angavu, chini kizito.

Nanasi lina ukaidi wake, hata hivyo. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukata protini vipande vipande; ndicho kinachowasha ulimi ukila nanasi jingi, na ndicho kinachozuia jeli kuganda ukiitia nanasi bichi. Jelatini yenyewe ni protini. Kama ulichemsha maji ya nanasi kabla ya kutia hamira, kimeng'enya kilikufa na jelatini itafanya kazi. Kama ulitumia nanasi bichi, inaweza kukatwa kabla haijashika kitu. Kwa mvinyo wa aina hiyo napendelea udongo wa bentonaiti unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya mvinyo: gramu 15 hadi 20 kwa mtungi, ziloweshwe kwa maji ya moto tangu jana yake hadi ziwe uji laini. Udongo huu una chaji hasi na hushuka na protini, bromelaini ikiwamo.

Ufaransa, kule Bordeaux, wametumia ute mweupe wa mayai kwa karne nyingi, mayai manne hadi sita kwa pipa la lita 225, hasa kwa mvinyo mwekundu wenye tanini kali. Waingereza na Waairishi walitumia kibofu cha hewa cha samaki kilichokaushwa. Kiwanda cha Guinness cha Dublin kilitangaza mwaka 2015 tu kwamba kitaacha kukitumia. Na sisi hapa? Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanakijua kibofu cha mbuta vizuri, wanakiita bondo, na wanunuzi wanaokisafirisha kwenda Hong Kong na China hukilipia kwa kilo pesa nyingi kuliko nyama ya samaki mwenyewe. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo: mali ghafi ya ufundi huu tunayo, matunda tunayo, chai tunayo, na bado kijana wa 56 anaambiwa njia ya kusafisha mvinyo ni spiriti.

Niguse chanzo cha tatu, pektini, kwa haraka. Nanasi lina pektini kidogo, lakini mapera, machungwa na karakara vinayo zaidi, na aliyechemsha matunda hayo kwa muda mrefu ameifungua yote. Ukungu wa pektini hautulii hata ukikaa mwaka. Dawa yake ni kimeng'enya cha pektinasi, na mahali pake ni siku ya kwanza, kabla ya hamira, maji ya tunda yakiwa yamepoa. Vitabu hufundisha kuupima kwa kuchanganya kijiko cha mvinyo na vijiko vitatu vya spiriti ili kuona kama nyuzi zitaganda. Mimi sitaki chupa ya spiriti iingie kwenye chumba chenye mvinyo, tena nyumba ya chumba kimoja yenye watoto. Kama ulichemsha mapera na mvinyo haujatulia kwa miezi minne licha ya baridi, hiyo ni pektini, huna haja ya kipimo.

Na maji. Maji ya mfereji yenye klorini, au ya mtungi uliotiwa dawa ya kuua vijidudu, yaache wazi usiku kucha au yachemshe kwanza, la sivyo hamira itadhoofika na mvinyo utakuwa na harufu ya dawa ambayo hakuna kitu kitakachoitoa.

Kuhusu kuuza, sheria ya 2010 inataka leseni kwa mtengenezaji na kwa muuzaji, na tangu 2014 Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya leseni za vileo. Anayetaka kugeuza mtungi kuwa biashara aanzie huko, na aende kwa shirika la viwango la KEBS kabla ya kubandika lebo. Najua ni mlima. Lakini mvinyo wa matunda yetu si ndoto: kampuni ya mvinyo ya Kenya, KWAL, iliyoanzishwa 1969, iliwahi kuuza mvinyo wa papai, na Arusha watu wanakunywa mvinyo wa ndizi uliotengenezwa kiwandani kwao. Mkokoteni wa mananasi unaosukumwa jioni kwenye Barabara ya Naivasha ukiuzwa kwa bei ya hasara, kwa kuwa kesho yatakuwa yameoza, una ndani yake kazi ya watu kadhaa. Ningependa kuwaona akina mama wa kikundi kimoja cha hapa wakipewa nafasi ya kujifunza kazi hiyo mchana, mlango ukiwa wazi.

La mwisho ni kutia kwenye chupa, maana hapo ndipo watu huumia. Mvinyo ulioonekana angavu kwa sababu ya baridi ya Julai unaweza kuamka Septemba joto likirudi, na kama ndani ya chupa ya kioo mna sukari iliyobaki, hewa ya kaboni hujaa hadi chupa inapasuka na kurusha vigae chumbani. Kwa hiyo jaza kwanza chupa moja ya soda ya plastiki, ikamue hewa iliyobaki juu, ifunge kabisa na uiweke mahali penye joto kwa wiki mbili. Ibonyeze kila asubuhi. Ikibaki laini, jaza chupa zako za kioo zilizochemshwa. Ikiwa ngumu, ifungue polepole juu ya beseni na uurudishe mvinyo kwenye mtungi wenye kizibo cha hewa, kwa mwezi mwingine.